Kutoka Fordsburg hadi Simanjiro: malisho yanapogeuka viwanja

Kitongoji cha Fordsburg, kilichoko upande wa magharibi wa katikati ya jiji la Johannesburg nchini Afrika Kusini, kinajulikana na Waafrika Mashariki wengi kwa mambo mawili matatu: maduka ya Oriental Plaza, mikahawa ya halali ya barabara ya Mint, na moshi wa nyama choma unaofuka nyakati za jioni mwisho wa wiki. Anayetafuta Msomali wa kumuuzia bidhaa za jumla huvuka tu na kuingia mtaa wa jirani wa Mayfair. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba ardhi iliyobeba maduka na mikahawa hiyo yote ilikuwa shamba la mifugo, tena si zamani sana.

Shamba lenyewe liliitwa Langlaagte, yaani bonde refu. Mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa katika shamba hilo, na mnamo Septemba mwaka huo huo serikali ya Makaburu ya wakati huo ikatangaza mashamba kadhaa ya eneo hilo kuwa machimbo ya umma. Miaka 10 baadaye, watu zaidi ya 100,000 walikuwa wanaishi mahali palipokuwa na nyasi, ng'ombe na chemchemi. Mtu akitaka kujua nchi ile ilikuwaje, asome majina ya mitaa. Doornfontein maana yake ni chemchemi ya miiba, Rietfontein ni chemchemi ya matete. Chemchemi hatuzioni tena, lakini majina yamebaki kwenye vibao vya barabarani.

Nyasi za Highveld, uwanda wa juu unaoizunguka Johannesburg, zilikuwa malisho ya makundi makubwa ya nyumbu weusi na swala. Mwishoni mwa karne ya 19 nyumbu weusi walikuwa wamewindwa hadi wakabaki mamia tu, na hao waliobaki waliponea katika mashamba ya watu binafsi, hasa katika jimbo la Free State. Leo wapo maelfu, lakini ndani ya uzio. Uwanda wenyewe umegawanywa baina ya mahindi, makaa ya mawe, misitu ya kupandwa na miji, na sehemu iliyohifadhiwa kisheria ni ndogo mno.

Wapenzi wasomaji, tumeanza na Fordsburg kwa sababu mbili. Kwanza, mabadiliko ya ardhi katika eneo hilo yalikwisha kabla hata mtu hajapata nafasi ya kuuliza kama yana faida au hasara, ilhali huko kwetu Afrika Mashariki yanaendelea sasa hivi mbele ya macho yetu. Pili, na hili linawahusu wasomaji wetu wanaoishi ughaibuni moja kwa moja, pesa anazotuma mfanyabiashara wa Fordsburg, dereva wa teksi wa London au muuguzi wa Minneapolis mara nyingi huishia kwenye kitu kimoja: kiwanja. Na viwanja vinavyotangazwa zaidi kwa Wakenya walioko nje ya nchi ni pamoja na vile vya Kitengela, Isinya na kwingineko katika kaunti ya Kajiado, kusini mwa Nairobi. Kwa hivyo mnunuzi aliye mbali naye ni mmoja wa wahusika katika habari hii, atake asitake.

Tuitazame basi Kitengela.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946. Ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu, na imezungushiwa uzio pande tatu. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, iliachwa wazi kwa makusudi. Sababu ni kwamba hifadhi hiyo ni mahali pa kunywea maji wakati wa kiangazi tu. Mvua zinaponyesha, nyumbu na punda milia huvuka mto na kwenda kwenye nyanda za Athi na Kaputiei, ambako nyasi ni fupi, zina madini mengi, na simba anaonekana kwa mbali. Huko ndiko walikokuwa wakizalia. Tunaweza kusema kwamba hifadhi ni kisima, na nyanda ndizo shamba. Kisima bila shamba hakilishi mtu.

Shamba hilo lilikuwa mali ya Wamaasai kwa pamoja. Chini ya sheria ya mwaka 1968, ardhi ya wafugaji nchini Kenya iliandikishwa kuwa ranchi za vikundi, kila moja ikiwa na wanachama wake na kamati yake. Ranchi ya Kitengela ilivunjwa na kugawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Si haki kuwalaumu waliokubali mgawanyo huo. Kamati nyingi za ranchi zilikuwa zikijipendelea, vijana walihofia kukosa ardhi kabisa, na benki hazikukubali dhamana isiyokuwa na jina la mtu mmoja. Hatimiliki ilionekana kuwa ngao. Hata hivyo, ngao hiyo inauzika.

Wakati huo huo eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilifunguliwa Athi River kuanzia mwaka 1990 na kuleta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji nyumba. Mji wa Kitengela, uliokuwa kituo kidogo cha barabarani, ulihesabiwa kuwa na watu karibu 58,000 mwaka 2009, na zaidi ya 150,000 katika sensa ya mwaka 2019. Machimbo ya mawe ya kujengea yakafunguliwa, mashamba ya maua na mboga yakafuata, na kila aliyenunua alizungusha ua. Kwa upande wa wanyama matokeo yake yalionekana hewani, kwani nchi hiyo imekuwa ikihesabu wanyama kwa ndege tangu miaka ya 1970. Mwaka 1978 nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei walikuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2011 hawakufika 3,000.

Hapa linajitokeza swali: je, hakuna aliyejaribu kuzuia? Wapo waliojaribu, tena kwa njia ya busara. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili waiache wazi. Familia iliyojiunga ililipwa dola 4 za Kimarekani, yaani shilingi 300 hivi za Kenya wakati huo, kwa kila eka kwa mwaka. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: usizungushe ua, usichimbe mawe, usilime, usiuze, wala usiwatilie sumu wanyama wanaopita. Ng'ombe waliruhusiwa kuendelea kulisha kama kawaida. Ulianza na familia chache, ukafikia mamia.

Jambo lililotuvutia zaidi katika mpango huo ni siku ya malipo. Pesa hazikutolewa mwisho wa mwaka wala siku ya sherehe, bali mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Wake walihudhuria malipo, na kila mtu aliyekuwepo alijua baba amepokea kiasi gani na ada ni kiasi gani. Tumeona miradi mingi ya kuhifadhi mazingira inayozungumza lugha ya semina. Huu ulizungumza lugha ya karani wa shule, na watu wakauelewa.

Lakini pesa hazidanganyi. Mwenye eka 100 alipata dola 400 kwa mwaka. Eka moja hiyo hiyo hutoa ploti nane za hamsini kwa mia. Tuseme, kwa mfano tu na kwa bei ya chini kabisa, ploti moja iuzwe shilingi 100,000. Eka itakuwa imeingiza shilingi 800,000, na kodi ya shilingi 300 ingehitaji zaidi ya miaka 2,600 kufikia hapo. Hakuna mzee, hata awe mpenda wanyama namna gani, anayeweza kuikataa hesabu hiyo mbele ya watoto wake, hasa akiwa na mgonjwa hospitalini au mwana aliyepata nafasi chuo kikuu. Aidha, fedha za mpango zilitegemea wafadhili, na wafadhili wana muda wao.

Kuna gharama nyingine ambayo hesabu ya ploti haiionyeshi. Ng'ombe wa Kimaasai anaishi kwa miguu yake. Mvua ikinyesha upande mmoja na kukosekana upande mwingine, mfugaji huhama. Katika ukame mkali wa mwaka 2009, mifugo na nyumbu walikufa pamoja katika nyanda hizo, na walioathirika zaidi ni wale ambao njia zao zilikuwa zimekatwa na nyaya. Ua uliomzuia nyumbu ulimzuia pia ng'ombe wa jirani. Ndiyo maana tunadhani ni kosa kulieleza suala hili kama ugomvi baina ya watu na wanyama. Katika nyanda za Kaputiei mfugaji na nyumbu walikuwa wanapoteza kitu kile kile.

Ugomvi upo, hata hivyo, na haufai kufichwa. Mwezi Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa na wananchi Kitengela baada ya kuvamia zizi la mbuzi usiku. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya simba. Ni machache yaliyoandika juu ya mbuzi, ingawa ile ndiyo iliyokuwa akiba ya mwenye boma. Kijana wa eneo hilo hilo, Richard Turere, alibuni taa za kumulika kwa zamu kuzunguka zizi ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi, na mwaka 2013 aliueleza ubunifu wake mbele ya ulimwengu. Taa hizo ziliokoa ng'ombe na simba pia, kwa gharama ya betri na balbu za mitumba.

Baadhi ya watu husema dawa ni moja tu, nayo ni kufanya kama Afrika Kusini: zungusha uzio, mpe mwenye shamba wanyama wawe mali yake, atawatunza. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1991 ya nchi hiyo inamlinda mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha asinyang'anywe umiliki wa wanyama wake pindi wakitoroka, na ni kweli pia kwamba wanyamapori wameongezeka katika mashamba binafsi. Hata hivyo inafaa kukumbusha kwamba mashamba hayo makubwa yalipatikanaje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika asilimia 7 hivi tu ya ardhi ya nchi yao. Kumwambia Mmaasai wa Kajiado mwenye eka 40 afuge nyumbu ndani ya uzio ni kumshauri avae kanzu ya mtu mwingine. Isitoshe, nyumbu wa Kaputiei anafuata mvua, na mvua haifungiwi zizini.

Tuvuke mpaka sasa, twende Tanzania, ambako jambo hilo hilo limekwenda kwa njia tofauti.

Mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mkoani Manyara, ziko nyanda za Simanjiro. Uhusiano wao ni ule ule wa kisima na shamba. Mto Tarangire hutoa maji wakati wa kiangazi, na mvua zikianza nyumbu na punda milia hutoka kwenda Simanjiro kuzaa, kwa kuwa nyasi za huko zina fosforasi anayoihitaji mama anayenyonyesha. Wafugaji wa Simanjiro wanalijua jambo hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu wana hofu nalo. Nyumbu wanapozaa, hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Kwa hivyo miezi hiyo wafugaji huwaondoa ng'ombe katika nyanda fupi na kuwapeleka kwingine, kisha hurudi nyumbu wakiondoka. Bila ya mkataba wowote ulioandikwa, nyanda zilikuwa na zamu.

Hatari ya Simanjiro haikuwa ploti bali jembe. Tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maharage na mahindi yalifunguliwa katika wilaya hiyo na jirani zake, baadhi yakimilikiwa na watu wa mbali. Baadaye wafugaji wenyewe wakaanza kulima. Wengine walilima kwa njaa, kwani ng'ombe walikuwa wamepungua. Lakini wapo waliolima kwa sababu ambayo viongozi wa uhifadhi hawakuitarajia: waliogopa kunyang'anywa. Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, wafugaji walifungiwa nje ya maji yao ya kiangazi, na tangu hapo kila gari lenye nembo ya mnyama linatazamwa kwa shaka. Ardhi iliyo wazi inaonekana haina mwenyewe, ardhi iliyolimwa ina mwenyewe. Kwa maneno mengine, kadiri wahifadhi walivyosisitiza kwamba nyanda zile ni muhimu kwa wanyama, ndivyo baadhi ya watu walivyoharakisha kuzilima. Hesabu ya nyumbu wa Tarangire na nyanda zake ilishuka kutoka zaidi ya 40,000 mwaka 1988 hadi 5,000 hivi mwaka 2001, ujangili nao ukiwa na mchango wake.

Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilitia saini makubaliano na kampuni kadhaa za utalii. Kijiji kiliahidi kwamba sehemu ya nyanda zake, zaidi ya hekta 9,000, haitalimwa wala kujengwa makazi ya kudumu. Kulisha mifugo kungeendelea kwa utaratibu wa kijiji chenyewe. Kampuni ziliahidi kulipa kila mwaka, mwanzoni shilingi milioni 5 hivi za Tanzania, na vijana wa kijiji wakaajiriwa kuwa askari wa doria. Baadaye kijiji jirani cha Sukuro nacho kikaingia katika utaratibu huo.

Msomaji aliye mwepesi wa hesabu ameshaona jambo la ajabu. Kitengela hekta moja ililipwa karibu dola 10 kwa mwaka. Terrat hekta moja haikufikia hata dola moja. Lakini nyanda za Kitengela zimekatwakatwa, na zile za Terrat zilibaki wazi, na hesabu za nyumbu za miaka iliyofuata zilionyesha ahueni.

Kwa maoni yetu tofauti haiko kwenye kiasi cha pesa. Iko kwenye aina ya karatasi. Kitengela kila baba alikuwa na hatimiliki yake mfukoni, na dalali alihitaji saini moja tu. Terrat ardhi ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na maamuzi makubwa yanapaswa kupita mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote, kina mama na vijana wakiwemo. Pesa za utalii hapo hazikushindana na bei ya ploti, kwa sababu ploti haikuwepo sokoni. Zilikuja juu ya jambo ambalo wafugaji walikuwa wanalitaka wenyewe, yaani malisho yasikatwe.

Tusidhani kwamba ardhi ya kijiji ni pepo. Tanzania nzima inajua visa vya wenyeviti wa vijiji waliogawa ardhi kwa wageni kwa muhuri na chai. Mipaka ya vijiji nayo imekuwa chanzo cha ugomvi, na katika wilaya jirani ya Kiteto wakulima na wafugaji waliuana mwaka 2013 na 2014 kwa ajili ya mashamba na malisho. Ndiyo sababu baadhi ya jamii zimetafuta karatasi yenye nguvu zaidi: hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kwa kundi zima badala ya mtu mmoja. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, waliipata mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la UCRT, na wafugaji wa vijiji kadhaa vya kaskazini wakafuata. Huko Kiteto, vijiji vilivyoungana chini ya jina la OLENGAPA vilipanga malisho yao kwa pamoja, vikivuka mipaka ambayo ng'ombe hawakuwahi kuitambua. Nchini Kenya nako Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka njia ya kuandikisha ardhi ya pamoja. Kwa Kitengela sheria hiyo ilikuja miaka 28 baada ya mgawanyo.

Udhaifu mmoja unabaki kwa wote wanaolipwa na watalii. Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, hifadhi za jamii zinazozunguka Maasai Mara, ambako wenye ardhi hulipwa kodi kila mwezi, zilijikuta hazina wageni, na malipo yakapunguzwa. Mfugaji aliyekuwa ameuza ng'ombe wake na kutegemea kodi alijifunza somo gumu. Aliyekuwa amebaki na ng'ombe alikuwa na kitu cha kuuza.

Alaa kulli hal, si kila kitu kimepotea Kitengela. Kusini mwa mto Mbagathi bado kuna familia zilizokataa kuzungusha ua, na baadhi ziko katika hifadhi ya jamii ya Naretunoi. Mashariki, ranchi ya Kapiti inayomilikiwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, bado ni kipande kikubwa cha nyasi ambamo ng'ombe na nyumbu hulisha pamoja. Taasisi hiyo hiyo iliwahi kushirikiana na wenyeji kuchora ramani ya nyua zote za eneo hilo, ua kwa ua, na kazi hiyo ikasaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi uliozinduliwa mwaka 2011. Mpango ulisema wapi pajengwe na wapi pasijengwe. Mnunuzi wa ughaibuni anaweza kuuliza kama ploti anayoonyeshwa kwenye simu iko upande gani wa mstari huo, na akadai jibu kabla ya kutuma pesa.

Mtoto aliyelipiwa ada ya darasa la kwanza kwa kodi ya ardhi mwaka 2000 sasa amepita umri wa miaka 30. Wazee waliopewa hatimiliki mwaka 1988 wanazeeka, wengine wamekufa, na karatasi hizo zinapita mikononi mwa watoto wao. Madalali wanazo namba zao za simu.